Baada ya Kumaliza Mafunzo ya Kufundisha Kiingereza Nje ya Nchi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wale wanaokaribia kumaliza, au wamekwisha kumaliza, mafunzo ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, na ambao sasa wanatafuta kazi katika nchi nyingine. Niliyeyaandika nimepitia mafunzo hayo, kisha nikakaa miaka kadhaa nyuma ya darasa nikiwatazama wengine wakifundisha, na kwa sababu hiyo maswali yanayohusu darasa nimeyajibu kwa urefu zaidi kuliko yanayohusu karatasi.

Mtu aliyemaliza mafunzo haya amemaliza nini hasa?

Inategemea kozi aliyoisoma, kwa kuwa maneno "cheti cha kufundisha Kiingereza" hayana mwenyewe, na taasisi yoyote inaweza kuyachapisha kwenye karatasi yenye nembo ya kupendeza. Vyeti viwili vinavyotambulika na waajiri wengi zaidi ni CELTA, kinachotolewa na Cambridge, na CertTESOL cha Trinity College London. Vyote viwili viko ngazi ya 5 katika mfumo wa sifa za elimu wa Uingereza, na vyote viwili humtaka mwanachuo afundishe kwa jumla ya saa 6 mbele ya wanafunzi halisi huku mkufunzi akimtazama na kumpima. CELTA ina angalau saa 120 za masomo pamoja na wakufunzi, kazi 4 za kuandika, na saa za kukaa katika madarasa ya walimu wazoefu; anayesoma kutwa huyamaliza yote hayo kwa takriban mwezi mmoja, na hakuna aliyeupitia mwezi huo anayesema ulikuwa mwepesi.

CertTESOL ina jambo moja ambalo ningependa kila kozi iwe nalo. Wanachuo hufundishwa masomo machache ya lugha wasiyoijua kabisa, kisha huandika waliyoyapitia wakiwa wanafunzi. Mtu aliyeketi katika kiti hicho, akaulizwa swali asilolielewa huku wenzake wote wamemgeukia, hatakuwa mwepesi wa kumwita mvivu mwanafunzi aliyenyamaza.

Nimeona kozi nyingi za mtandaoni za saa 120. Je, zina uzito sawa?

Namba inafanana, lakini kinachohesabiwa ndani yake hakifanani. Katika kozi nyingi za bei nafuu, saa 120 ni makadirio ya muda ambao mtu angeutumia kusoma kurasa na kujibu maswali ya kuchagua, na mtu anaweza kufika mwisho bila kumfundisha hata mwanafunzi mmoja. Katika kozi zenye mazoezi ya kufundisha, sehemu ya saa hizo umesimama wewe mwenyewe, ubao nyuma yako na watu mbele yako, na baada ya hapo umeketi na mkufunzi akikueleza alichokiona.

Mtandao wenyewe hauna kosa. Tangu mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, CELTA imesomwa na wengi kwa njia ya mtandao tangu mwanzo hadi mwisho, lakini nao hufundisha wanafunzi wa kweli kupitia video na hupimwa kama wenzao. Kwa hiyo, ukitaka kuipima kozi yoyote, uliza swali moja kabla ya mengine yote: nitafundisha saa ngapi nikitazamwa na mkufunzi mwenye sifa, na nani anawasimamia wakufunzi hao kutoka nje? Kozi isiyoweza kulijibu swali hilo kwa namba bado inaweza kukufaa kupata nadharia, na zipo nchi ambako itatosha kwa ajili ya kibali cha kazi. Hata hivyo, usiihesabu kuwa umefundishwa kufundisha.

Kama umekwisha kumaliza kozi ya namna hiyo na huna fedha ya kuanza nyingine, tafuta darasa la kujitolea, mwombe mwalimu mzoefu aje kukutazama mara chache, na umwombe aandike maoni yake.

Cheti chenyewe hupatikana lini?

Si siku ya mwisho ya kozi. Kwa CELTA, kituo hupendekeza matokeo, mtathmini wa kutoka nje hupitia kazi za kundi, na Cambridge ndiyo inayoyathibitisha na kutoa cheti, jambo linalochukua wiki kadhaa. Omba barua ya kituo inayoeleza kwamba umekamilisha kozi. Waajiri wengi huikubali kwa usaili, ingawa idara za uhamiaji kwa kawaida hudai cheti halisi. Panga safari yako ukizingatia tofauti hiyo.

Niko wiki ya mwisho na somo langu moja limepimwa kuwa chini ya kiwango. Je, nitafeli?

Somo moja lililoharibika kwa kawaida halimwangushi mtu, kwa sababu wakufunzi hutazama mwelekeo: je, kosa lililoonyeshwa somo la 4 limepungua somo la 5, na je, mwanachuo mwenyewe ameanza kuliona kabla hajaambiwa? Hilo la pili ndilo muhimu zaidi.

Nitatoa mfano wa somo nililolitazama. Mwanachuo alikuwa akifundisha tofauti kati ya "I lost my key" na "I have lost my key". Alichora mstari wa wakati uliokaa vizuri kwenye ubao, akaeleza kwa dakika 9 bila kusita, kisha akauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima likatikisa kichwa kukubali, naye akaendelea na zoezi huku uso wake ukionyesha faraja. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya mama mmoja wa safu ya pili, na niliweza kuliona daftari lake. Alikuwa ameandika kwa mwandiko safi kabisa, na kupigia mstari mara mbili kwa rula: "I have lost my key yesterday," sentensi ambayo Kiingereza hakiikubali, kwa kuwa "have lost" haiendi pamoja na "yesterday".

Baada ya somo sikumwambia mwanachuo kwamba amefundisha vibaya. Nilimwonyesha sentensi ile tu. Akaitazama kwa muda, kisha akasema mwenyewe kwamba swali lake lilikuwa halina jibu jingine zaidi ya ndiyo. Somo lililofuata aliuliza maswali mafupi ya kuhakiki maana: Je, ufunguo ninao sasa hivi? Je, sentensi hii inatuambia siku gani ulipotea? Wanafunzi wawili walijibu tofauti, wakaanza kubishana, na katika ubishi huo ndipo maana ilipoeleweka. Mwanachuo huyo alifaulu, na ripoti yake ya mwisho ilitaja badiliko hilo hasa.

Kwa hiyo, wiki ya mwisho isitumike kutafuta shughuli mpya za kupendeza. Soma maoni uliyoandikiwa tangu somo la kwanza, tafuta jambo linalojirudia, na ulishughulikie hilo moja mbele ya macho ya mkufunzi wako.

Kiingereza si lugha yangu ya kwanza. Je, nitaajiriwa?

Swali hili lina majibu mawili, na ni haki yako kuyapata yote mawili bila kufichwa.

Jibu la kwanza ni la kisheria. Zipo nchi zinazozuia kwa pasipoti. Korea Kusini hutoa viza ya mwalimu wa lugha ya Kiingereza, iitwayo E-2, kwa raia wa nchi 7 tu kama kanuni ya jumla: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. China nayo, kama kanuni, humtaka mwalimu wa lugha afundishe lugha yake ya kwanza. Hakuna ubora wa cheti unaoondoa masharti ya namna hiyo, na wakala anayekuahidi kwamba ataondoa anakupeleka pabaya. Nchi nyingine huruhusu raia wa nchi yoyote lakini hutaka uthibitisho wa lugha, kwa mfano alama za mitihani ya Kiingereza kama IELTS au TOEIC, au ushahidi kwamba elimu yako uliipata kwa Kiingereza. Anza kwa kusoma ukurasa wa ubalozi wa nchi unayoilenga, na baada ya hapo ndipo usome matangazo ya kazi.

Jibu la pili ni la kitaaluma, na hapa naandika kwa msisitizo. Mwalimu aliyejifunza Kiingereza ana ramani ya njia ambayo aliyezaliwa nacho hakuwahi kuipita. Chukua sentensi ile ya ufunguo. Msemaji wa Kiswahili ana -li- na -me-, na mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba -me- ni sawasawa na "have" ya Kiingereza. Sivyo. Sisi husema "mtoto amelala" tukiwa na maana kwamba sasa hivi yuko usingizini, ilhali "the child has slept" humwambia Mwingereza kwamba usingizi umekwisha. Husema "amevaa kofia" kwa mtu ambaye kofia iko kichwani mwake wakati huu, na si ajabu kumsikia mtu akisema "nimefika jana" bila yeyote kushangaa. Aliyewahi kukosea hapo, akasahihishwa, akapambanua tofauti kwa jasho lake, anajua mwanafunzi atateleza wapi kabla hajateleza. Hali ni hiyo hiyo katika matamshi: aliyekulia katika lugha yenye irabu 5 alilazimika kulifundisha sikio lake kutofautisha "ship" na "sheep", na anakumbuka alivyofanya.

Kinachobaki ni kuthibitisha kiwango. Kozi nzito huwapokea watu walio karibu na C2 au ngazi ya juu ya C1, viwango viwili vya juu kabisa katika mfumo wa Ulaya wa viwango vya lugha, kwa hiyo kufaulu kwako ni ushahidi tayari. Ongeza cheti cha mtihani wa lugha unaotambulika, kisha uingie kwenye usaili bila kuomba radhi kwa mahali ulikozaliwa.

Je, digrii ni ya lazima?

Kwa sheria za kazi za nchi nyingi zinazoajiri kwa wingi, ndiyo: Korea Kusini, China, Japani na Vietnam kwa kawaida hutaka digrii ya kwanza, na mara nyingi haijalishi ni ya fani gani. China humruhusu asiye na uzoefu wa miaka 2 kuonyesha cheti cha ualimu wa Kiingereza badala yake, lakini digrii hubaki palepale. Mpango wa serikali ya Japani uitwao JET, ulioanza mwaka 1987, nao hudai digrii, ingawa cheti cha ualimu huhesabiwa kuwa sifa ya ziada. Asiye na digrii atafute nchi ambazo sheria zake haziitaji, au mafunzo ya mtandaoni ya mtu mmoja mmoja, na asikubali kamwe kutengenezewa karatasi.

Nyaraka gani nianze kuzishughulikia mapema?

Hati ya polisi ya tabia njema, nakala zilizothibitishwa za digrii na cheti cha ualimu, pasipoti yenye muda wa kutosha, na ripoti ya afya kwa nchi zinazoitaka. Kinachowachelewesha wengi ni uthibitisho wa nyaraka hizo. Kwa nchi zilizo katika Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, mamlaka ya nchi yako huweka muhuri mmoja uitwao apostili na kazi imekwisha. China iliingia katika utaratibu huo tarehe 7 Novemba 2023. Kama nchi yako au unakokwenda haimo, hati hupita kwanza wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda, na kila dirisha lina foleni yake.

Angalizo moja: hati ya polisi huwa na umri mfupi, mara nyingi miezi michache tu machoni pa idara za uhamiaji, kwa hiyo ukiichukua mapema mno italazimika kutolewa upya. Digrii, kinyume chake, unaweza kuithibitisha hata leo. Majina katika hati zote yafanane herufi kwa herufi. Herufi moja iliyozidi inaweza kukurudisha mwanzo.

Mwajiri ameomba nifundishe somo la majaribio. Anatazama nini?

Anatazama mambo machache ambayo tayari umeyafanyia kazi wakati wa mafunzo: maelekezo mafupi yanayoeleweka, wanafunzi wanaozungumza zaidi ya mwalimu, na andalio la somo lenye lengo moja linaloweza kuonekana limefikiwa au halikufikiwa. Kama wanafunzi hawapo, na unaombwa kuwafundisha wasaili wenyewe wanaojifanya wanafunzi, usiwape mhadhara. Wape kazi, wapange wawili wawili, wasikilize, kisha usahihishe kosa moja ulilolisikia kwa kweli.

Katika usaili wenyewe utaulizwa kuhusu somo lililoharibika. Hapo ndipo maoni ya wakufunzi, ambayo watu wengi huyatupa siku ya kuhitimu, huwa na thamani kuliko daraja lililoandikwa kwenye cheti. Yahifadhi yote pamoja na maandalio yako. Mtu anayeweza kueleza kwa utulivu alichokosea, alivyogundua, na alichobadilisha wiki iliyofuata, huaminika.

Nisome nini katika mkataba kabla ya kuutia saini?

Tazama kwanza saa. Saa 25 za kufundisha ni jambo moja na saa 25 za kazi ni jambo jingine, kwa kuwa mwalimu mpya anaweza kutumia saa nzima kuandaa somo la saa moja, na mkataba unaokaa kimya kuhusu muda wa maandalizi unamaanisha kwamba muda huo ni wako. Baada ya hapo tazama nani analipa nauli, viza na bima ya afya, kama nyumba imejumuishwa au utapewa posho, likizo zinalipwa au la, na nini kitatokea upande wowote ukitaka kuvunja mkataba. Kama kuna mkataba wa lugha mbili, uliza ni upi unaotambulika mahakamani. Mara nyingi si ule wa Kiingereza ulioupenda.

Nitamtambuaje mwajiri au wakala mdanganyifu?

Atakuharakisha. Atataka ulipe ili "nafasi isichukuliwe", atakataa usizungumze na mwalimu anayefanya kazi hapo sasa, na atakuambia uingie kwa viza ya utalii kwanza, kibali kitafuata. Katika nchi nyingi kufundisha kwa viza ya utalii ni kinyume cha sheria, na anayefungwa au kurudishwa kwao ni mwalimu. Shirika la Kazi Duniani linataja kuzuiwa kwa hati za utambulisho miongoni mwa viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa, kwa hiyo pasipoti yako ikitakiwa kwa usajili, irudi mkononi mwako mara usajili unapokwisha. Waachie ndugu nakala ya mkataba, anwani, na namba ya simu ya ubalozi wako kabla hujapanda ndege.

Nilifunzwa kufundisha watu wazima, lakini kazi niliyopata ni ya watoto. Nifanye nini?

Hili huwapata wengi, kwa sababu CELTA tangu asili ilikusudiwa kufundisha watu wazima, wakati sehemu kubwa ya kazi zilizopo ni za watoto. Kanuni za msingi hazibadiliki: lengo moja, maelekezo mafupi, lugha ndani ya jambo lenye maana. Kinachobadilika ni muda na mwili. Mtoto wa miaka 6 hawezi kukaa dakika 20 katika shughuli moja, hahitaji kusikia jina la kanuni ya sarufi, na hujifunza akisimama, akiimba, akigusa. Andaa shughuli fupi nyingi, ukipishanisha za kuchangamka na za kutuliza, na uanze kila kipindi kwa utaratibu uleule ili watoto wajue la kutarajia. Mwajiri akikupa nafasi ya kutazama darasa la mwenzako kabla hujaanza, usiikatae hata kama haina malipo.

Wiki za kwanza kazini ziweje?

Utafundisha kwa siku moja karibu saa zote ulizofundisha katika kozi nzima, na huwezi kuandika maandalio ya kurasa 5 kwa kila kipindi. Usijaribu. Andika lengo, hatua, na maswali ya kuhakiki maana, kwa sababu maswali hayo ndiyo magumu kuyatunga papo hapo mbele ya watu 30. Jifunze majina yote kufikia mwisho wa wiki ya pili, na uyatamke kama wenyewe wanavyoyatamka. Mwombe mwanafunzi akurekebishe mpaka upatie, nao wataona kwamba kukosea matamshi si aibu.

Anza pia kujifunza lugha ya wenyeji, hata kama ni salamu na namba. Utaifahamu sauti inayowashinda wanafunzi wako katika Kiingereza kwa kusikia kwamba katika lugha yao haipo.

Je, niendelee mara moja na diploma ya ngazi ya juu?

Subiri. Delta ya Cambridge na DipTESOL ya Trinity ziko ngazi ya 7, na zimekusudiwa walimu wenye uzoefu wa kufundisha. Zitakuuliza kwa nini ulichagua njia fulani na kuacha nyingine, ukiwa na madarasa yako mwenyewe kama ushahidi, na baada ya mwaka mmoja au miwili ya kazi utakuwa nayo. Kwa sasa weka daftari dogo mezani, na baada ya kila kipindi uandike sentensi moja aliyoisema mwanafunzi ambayo hukuitarajia.